Bibi Alitaka Kujua Siku Ngapi

Harufu ya kokoa ninayoijua mimi ni kali kama siki. Ni harufu ya uwanja wa bibi yangu kule Kyela msimu ukikolea: makasha ya mbao yamejaa punje zenye ute, juu yamefunikwa majani ya migomba, na ukiingiza mkono chini ya majani unakutana na joto la kukushtua, kana kwamba kuna moto umefichwa mle ndani. Kokoa inavundikwa. Siku zikitimia inatolewa, inaanikwa, inageuzwageuzwa mpaka ikauke na kulia kama changarawe ukiichota kiganjani. Hapo ndipo inapoitwa mali.

Sisi watoto zamu yetu ilikuwa siku ya kupasua matunda. Ule ute mweupe unaozunguka punje ni mtamu wenye ukakasi kidogo, unakumbusha stafeli. Unanyonya, punje unaitema kwenye ndoo. Aliyetema chini alimjua bibi.

Chokoleti niliionja nikiwa darasa la tano, mgeni aliyetoka Dar alituletea. Hakuna aliyeniambia kwamba ile kitu ndiyo hii ya kwenye ndoo. (Wenye ofisi huandika "kakao". Sisi nyumbani ni kokoa, na nitaendelea hivyohivyo.)

Kwa hiyo nilipopelekwa kozi ya majuma matatu Brussels, sikwenda kama mtalii mwingine anayetafuta chokoleti ya Ubelgiji kwa sababu ameisikia. Nilikwenda na neno moyoni. Nilitaka kujua watu wa nchi ya baridi, ambako mti wa kokoa hauwezi kuishi wiki mbili nje ya nyumba, wamewezaje kuifanya iwe yao mpaka ukitaja kokoa wao wanatajwa kwanza na Kyela haitajwi kabisa.

Jumamosi ya kwanza nikaenda Galeries Royales Saint-Hubert. Ni vichochoro vya fahari vyenye paa la vioo, vilivyofunguliwa mwaka 1847, na ndani yake kuna duka la Neuhaus ambalo asili yake ni duka la dawa. Si mzaha. Jean Neuhaus, mtu wa ukoo uliotoka Uswisi, alifungua pale mwaka 1857 akiuza dawa na peremende za kutuliza kikohozi na tumbo. Dawa za enzi hizo zilikuwa chungu, naye akazivika chokoleti ili mgonjwa ameze bila kukunja uso. Mama yangu alitufichia kwinini ndani ya ndizi mbivu kwa hila hiyohiyo, ila yeye hakufungua duka.

Mwaka 1912 mjukuu wake, naye akiitwa Jean, akaondoa dawa na kuacha utamu. Akatengeneza ganda jembamba la chokoleti lenye ujazo laini ndani, akaliita pralini. Wafaransa walikuwa na kitu chenye jina hilo tangu zamani, lakini chao kilikuwa lozi iliyopakwa sukari ya kuunguzwa. Ya Mbelgiji ilikuwa kitu kingine: unauma, ganda linakatika kwa mlio, halafu kuna kitu laini kinakusubiri ndani.

Lakini mimi nikiulizwa, aliyeipa Ubelgiji jina ni mkewe, Louise Agostini. Pralini zilikuwa zinauzwa kwenye karatasi iliyokunjwa kama ya karanga, zile za juu zinaziponda za chini, mteja anafika nyumbani na uji. Mwaka 1915 Louise akabuni kaboksi kadogo kalikopanuka juu, pralini zinapangwa ndani safu juu ya safu, kanafungwa kwa utepe. Wanakaita balotini. Tangu hapo chokoleti ikaacha kuwa kitu cha kutafuna njiani ikawa kitu cha kupelekea watu. Sisi tunalijua hili vizuri kuliko tunavyokiri. Ndizi za jirani unazibeba kwa mkono, lakini hakuna mshenga aliyewahi kwenda kupeleka barua ya posa kwenye mfuko wa rambo.

Nilisimama mbele ya kioo cha duka lile dakika nyingi, nikijua bei sitaiweza, mpaka dada muuzaji akanipa moja ya kuonja. Nikaila taratibu. Nilitafuta siki ya uwanja wa bibi, nikaipata kwa mbali sana, mwishoni, utamu ulipokwisha.

Wenyeji hawanunui pale kila siku. Wengi huenda Leonidas, na historia yake inanifurahisha zaidi, labda kwa sababu ni ya mhamiaji. Leonidas Kestekides alikuwa Mgiriki aliyekwenda Ubelgiji na vitamutamu vyake kwa ajili ya maonyesho makubwa ya dunia, Brussels mwaka 1910 na Ghent mwaka 1913. Akapata medali, akapata na mke Mbelgiji, hakuondoka. Mpwa wake Basile, miaka ya 1930, akaanza kuuza pralini kupitia dirisha linalopandishwa juu, mteja akiwa amesimama barabarani. Kitu cha mabwana kikashuka mpaka kwa karani na fundi viatu. Mpaka leo Mbelgiji wa kawaida ananunua robo kilo akielekea kwa mama mkwe, anachagua moja moja kwa kidole kama mtu anayechagua vitumbua: hiyo, hiyo, hapana si hiyo, ile ya pembeni.

Jibu la swali langu, lakini, sikulipata madukani. Nililipata kwenye karakana moja ndogo iliyokuwa ikifundisha wageni kwa ada, ambako mama mmoja wa makamo, mikono yake minene kama ya bibi yangu, alituonyesha anachofanya tangu ujana wake. Naomba nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo penye utamu wenyewe.

Mafuta ya kokoa yana tabia ya ajabu. Yakipoa yanaganda kwa namna sita tofauti, chembe zake zikijipanga kwa mitindo sita, na kati ya hiyo ni mmoja tu unaofaa, ule ambao wataalamu wanauita wa tano. Chokoleti iliyoganda kwa mtindo huo inang'aa, inakatika kwa mlio, na inayeyuka kwenye nyuzijoto 33 au 34. Kinywa cha mtu kina 37. Kwa hiyo inakaa imara mkononi kwa muda mfupi, na ikifika ulimini inajisalimisha. Mitindo mingine inatoa chokoleti iliyofifia, yenye kuchakaa kama sabuni ya mche iliyoachwa mvuani.

Sasa mama yule akaiyeyusha chokoleti nyeusi mpaka kama nyuzijoto 45, akaimwaga karibu yote juu ya meza ya marumaru. Tukaguna. Akaanza kuitandaza na kuikusanya kwa vyuma viwili bapa, kutandaza, kukusanya, mpaka ikashuka kwenye 27 au 28 na kuanza kuwa nzito. Akairudisha kwenye bakuli lenye moto kidogo, ikapanda tena mpaka 31. Hakutumia kipimajoto. Kila mara alichovya ncha ya kisu akaigusisha chini ya mdomo wake, penye ngozi nyembamba, kisha akatikisa kichwa au akakubali. Nilipomuuliza amejuaje, alisema kwa Kiingereza chake kizito kwamba mdomo hausemi uongo.

Nikamkumbuka bibi anavyosukuma mkono ndani ya kasha la kokoa na kusema, "Bado, kesho kutwa." Hajawahi kuwa na kipimajoto naye.

Kuna na usagaji. Ulimi wa binadamu unahisi chenga ikiwa kubwa kuliko kama mikroni 30 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na Wabelgiji wanasaga kokoa na sukari mpaka chini ya 20, kwa hiyo ulimi unadanganyika, unadhani ni maji mazito. Kisha inakorogwa kwa saa nyingi katika joto, hewa ikiingia, ule ukali wa siki ukitoka polepole. Mashine ya kukoroga namna hiyo hawakuibuni wao, ni ya Rodolphe Lindt wa Uswisi, mwaka 1879. Kukamua mafuta ya kokoa kulitoka Uholanzi kwa kina Van Houten, 1828. Chokoleti ya maziwa ni ya Daniel Peter, Mswisi mwingine, 1875. Ukihesabu hivyo Wabelgiji walikuta karibu kila kitu kimeshabuniwa. Walichofanya ni kukishika kazi mpaka kikawakubali.

Na wana ukaidi, ambao naupenda. Umoja wa Ulaya ulipotaka kuruhusu watengenezaji waweke mafuta mengine ya mimea kwenye chokoleti na bado waiite chokoleti, Ubelgiji ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopinga kwa miaka mingi, ikidai mafuta ya kokoa peke yake. Ikashindwa. Sheria ya mwaka 2000 inaruhusu mpaka asilimia 5, na katika orodha ya mafuta yanayokubalika kuna yale ya kokwa la embe. Nilipoambiwa hilo nilicheka peke yangu, maana najua miji mizima ya kwetu ambako Desemba kokwa za embe zinaziba mitaro. Mafundi wengi wa Ubelgiji wameshikilia mafuta ya kokoa tupu mpaka leo.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa niseme lile lililonikaa kooni.

Antwerp wanauza viganja vya mkono. Vya biskuti tangu mwaka 1934, na siku hizi vya chokoleti pia, vimepangwa kwenye boksi zuri, vidole vitano, vimekatwa kwenye kifundo. Ni hadithi ya mji wao, ya jitu lililokuwa linakata mikono ya mabaharia waliokataa kulipa ushuru mtoni, mpaka askari aitwaye Brabo akalikata lile jitu mkono wake na kuutupa majini. Hadithi ni ya kale sana, haina uhusiano na Kongo, na muuzaji alinieleza kwa upole uleule anaomweleza kila mgeni.

Najua. Lakini najua pia kwamba katika Kongo iliyokuwa mali binafsi ya mfalme Leopold II, kuanzia 1885 mpaka 1908, askari walileta viganja vya watu kama ushahidi kwamba risasi hazikupotea bure, na kuna picha zilizopigwa na wamisionari za watu waliokatwa mikono. Sikuweza kununua. Mzungu mmoja niliyesoma naye kozi alinunua boksi mbili, wala simlaumu, hakuna aliyemwonyesha zile picha.

Ukweli wa biashara hauko sawa na hasira zangu, na sitaupinda. Kokoa iliyojenga jina la Ubelgiji haikutoka hasa Kongo. Kongo waliilima, hasa Mayombe kule magharibi, lakini iliyojaza ghala za Antwerp ilikuwa ya Afrika Magharibi. Chapa ya Côte d'Or, yenye tembo, ambayo kila Mbelgiji ameila utotoni, inakiri yenyewe kwa jina: ni Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo, na jina hilo wamelitumia tangu 1883. Mpaka sasa Ivory Coast na Ghana ndizo zinazotoa zaidi ya nusu ya kokoa yote ya dunia.

Koloni lilitoa utajiri, na utajiri ndio uliofungua zile duka zenye vioo. Mwaka 1958 Brussels waliandaa maonyesho mengine ya dunia, na Neuhaus wakatoa pralini mbili mpya kwa heshima ya shughuli hiyo, Caprice na Tentation, ambazo bado zinauzwa. Katika viwanja hivyohivyo waliweka kijiji cha Wakongo, watu hai nyuma ya uzio, na watazamaji walikuwa wanawarushia ndizi. Wakongo wale waliondoka kabla maonyesho hayajaisha. Miaka miwili baadaye nchi yao ilikuwa huru. Nilizionja zote mbili, Caprice na Tentation. Ni nzuri sana, na sijui nifanye nini na jambo hilo.

Jumapili ya mwisho nilikwenda Matonge, mtaa wa Wakongo ndani ya Ixelles, kutafuta ugali. Nilipata ugali, nikapata na mzee wa Beni aliyenisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu. Alicheka Kiswahili changu cha redio. Nilipomweleza habari za bibi na kokoa, akaniambia kwao nako sasa kokoa iko na chokoleti inatengenezwa palepale, Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, kwenye karakana iliyoanzishwa na watu wa hifadhi ya Virunga kwa umeme wa mto wao wenyewe. Dominique Persoone, fundi wa chokoleti wa Bruges, alisaidia kuwafundisha. "Eneo la vita lile, ndugu," alisema. "Watu banauawa shambani. Lakini asubuhi bamama banaenda kazi, banapika chokoleti." Alisema "banapika", na kila nikiandika neno "kutengeneza" hapa naona lake lilikuwa zuri zaidi.

Kuhusu wenye mali wa leo nitapita haraka, kwa sababu hapo uchawi unaisha. Godiva, iliyoanzishwa na familia ya Draps Brussels mwaka 1926, ilinunuliwa na Wamarekani wa supu za kopo, kisha Waturuki. Guylian, ile yenye maumbo ya kombe za baharini, ni ya Wakorea Kusini tangu 2008. Côte d'Or iko chini ya kampuni ya Marekani. Na sehemu kubwa ya maduka madogo yenye mlango wa mbao na mzee mwenye aproni hayasagi kokoa kabisa. Yananunua chokoleti iliyokwisha kutayarishwa kutoka viwandani, hasa Callebaut wa kijiji cha Wieze, kampuni iliyoanza na kiwanda cha bia mwaka 1850 na leo ina pale kiwanda kikubwa kuliko vyote vya chokoleti duniani. Malori ya matangi, kama yale ya mafuta ya taa, yanatoka pale yamebeba chokoleti ya moto. Niliposikia hilo nilitamani ajali moja tu ndogo, isiyoumiza mtu.

Nikarudi nyumbani na balotini ya gramu 500, ya kampuni ambayo sitaitaja maana lililotokea halikuwa kosa lao. Dar ilikuwa na joto la Februari. Nililala usiku mmoja kwa ndugu yangu Sinza, umeme ukakatika, kisha nikapanda basi Mbezi alfajiri. Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako, Mbeya. Boksi nililipakata. Kufika Tukuyu kwenye baridi nilishajua, maana kule ndani kulikuwa kumeacha kusikika kitu kinachogongana.

Bibi alinipokea, tukasalimiana salamu zote za Kinyakyusa ambazo huwezi kuzikatisha, za waliopo na waliolala makaburini, ndipo nikafungua. Pralini zilikuwa zimeyeyuka na kuganda tena, zimeshikana, juu zimetoka utando mweupe. Nikaanza kueleza: si kuvu, ni mafuta yamejipanga vibaya, kuna mitindo sita...

"Mjukuu wangu, acha," akasema. Akavunja kipande kwa kidole gumba, akakinusa kwanza. Bibi yangu amelima kokoa zaidi ya miaka 40 na hiyo ilikuwa mara yake ya pili au ya tatu kuila ikiwa imeshakuwa chokoleti. Alifumba macho. Akakiweka ulimini, hakutafuna. Nilisubiri aseme ni tamu.

Bei ilikuwa imepanda msimu ule kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote kijijini. Mvua na magonjwa ya miti viliharibu mavuno Afrika Magharibi, na kufikia Desemba 2024 tani moja ilikuwa imepita dola 12,000 katika soko la New York, wakati miaka michache nyuma ilikuwa haifiki 3,000. Minada ya Kyela ilichangamka. Watu walipaua nyumba. Baadaye bei ikashuka, kama kawaida yake, na vijana waliokopa pikipiki wakarudi kukaa kimya. Wakati huo lakini tulikuwa bado kwenye neema, na nyuma ya bibi mkeka wa kokoa ulikuwa juani, shangazi akiigeuza kwa mguu.

"Wameivundika siku ngapi hii?" bibi akauliza.

"Sijui, bibi."

"Hukuuliza?"

Mimi niliyekaa majuma matatu, niliyelipa ada ya kufundishwa nyuzijoto, sikuuliza. Na hakuna aliyetaja kuvundika. Yule mama wa marumaru alianzia pale chokoleti ilipoletwa na lori.

"Ndani kuna uchungu wa haraka," akasema. "Siku nne. Tano hazifiki. Wamefunikia sukari." Akachukua kipande kingine, kikubwa zaidi, akampa shangazi, akachukua na cha tatu. Nikaligeuza boksi nikasoma maandishi ya chini, ya Kifaransa na Kiholanzi, mstari kwa mstari: sukari, mafuta ya kokoa, maziwa ya unga, lozi, mahali pa kuhifadhia, tarehe ya mwisho wa kutumika.

"Wameandika?" bibi akauliza.

Nikarudia kusoma kuanzia juu.